Akikuomba Mtumbwi Wako

Tumsifu Yesu Kristo. Na wewe uliyezoea kuitikia kwa namna nyingine, Bwana asifiwe. Na wewe usiyeitikia yoyote kati ya hizo, ila redio iko wazi jikoni na chai iko motoni, habari ya asubuhi, karibu. Oyawore kwa wote mlio kando ya ziwa, kuanzia Port Victoria na Usenge, Asembo, Dunga, mpaka Kendu Bay, Homa Bay na Mbita. Tukae pamoja dakika hizi chache.

Leo ni Jumapili, na Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, hapa Kisumu. Ukipita pale saa hizi utakuta magunia yameshatandikwa, mitumba imeshatundikwa, kuku wamefungwa miguu, na mama wa omena ameshamwaga lundo lake la kwanza juu ya turubai. Na pale pale Kibuye kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa. Basi waumini wa misa ya asubuhi hupita katikati ya wachuuzi, wamevaa nguo safi, wakikwepa mikokoteni.

Mama yangu aliuza omena Kibuye kwa miaka mingi. Jumapili asubuhi tulifika pamoja, yeye na gunia lake, mimi na shati jeupe. Akishapanga bidhaa zake alinifuta uso kwa pembe ya leso, akaniambia, "Nenda kanisani, nyathina. Uniombee na mimi." Nyathina, yaani mwanangu. Nami nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi nikijua kwamba Mungu yuko huku na mama yuko kule. Nilimwonea huruma sana. Nilidhani kila Jumapili mama anamkosa Mungu kwa sababu ya omena.

Nilikuja kujua baadaye sana, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, kwamba nilikosea. Na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze asubuhi hii. Mungu yuko upande gani, wa kanisa au wa soko? Usijibu haraka. Ngoja kwanza twende ziwani.

Mwenye Biblia karibu na afungue Injili ya Luka, sura ya tano, mwanzoni kabisa. Asiye nayo asihangaike, nitaisimulia kwa maneno yangu. Yesu amesimama kando ya ziwa, watu wamemsonga wanataka kumsikiliza. Anaona mitumbwi miwili imeegeshwa. Wenyewe wameshatoka ndani, wako kando, wanaosha nyavu zao.

Simama hapo kwanza, ndugu yangu. Wanaosha nyavu. Wahubiri wengi hupita hapo mbio kwa sababu wanawahi kufika kwenye muujiza, kule nyavu zinapojaa samaki mpaka zinaanza kukatika. Mimi nililelewa kando ya maji, siwezi kupita hapo mbio. Usiku ule Simoni na wenzake hawakupata hata samaki mmoja, na asubuhi wameinama wanaosha nyavu.

Umewahi kukaa ufukweni alfajiri, mitumbwi ya omena ikirudi? Kama hujawahi, nikueleze. Omena hutafutwa usiku, tena usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hukaa nyumbani, kwa maana taa haiwezi kushindana na mwezi. Mwezi ukipotea, wanaingia, watatu au wanne katika mtumbwi mmoja, na taa zao zinaelea juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Ukiwa mlimani usiku kama huo, ukitazama ziwani utadhani kuna mji mwingine umejengwa kule majini. Omena huufuata mwanga, nao wavu huzungushwa taratibu, kisha huvutwa. Kuna usiku unavutwa ukaja mzito mpaka mikono inatetemeka. Na kuna usiku unavutwa ukaja na maji.

Usiku mtupu una madeni yake. Kilichowasha taa kimekwisha na kilinunuliwa kwa pesa. Mwenye mtumbwi anangoja fungu lake. Mama aliyekopa kwenye chama ili anunue omena amekaa na beseni lake tangu saa kumi na moja, na sasa anaona kwa jinsi mtumbwi ulivyokaa juu ya maji kwamba hakuna kitu. Mtumbwi mtupu huelea juu juu, humhitaji mtu wa kukuambia. Wanaume wanashuka bila kusema neno, na wanawake nao hawaulizi. Halafu, kabla ya kwenda kulala, wale wanaume wanautoa wavu. Wanauosha, wananyofoa gugumaji moja moja, wanatazama palipochanika, wanautandaza ukauke.

Nani anawalipa kwa kazi hiyo? Hakuna. Nani anawapigia makofi? Hakuna. Lakini tazama vizuri. Mtu haoshi wavu ambao hataurudisha majini. Aliyekata tamaa huuacha ndani ya mtumbwi uoze na maji yake. Mimi nasema ile kazi ya kuosha ni sala, hata kama mwenye kuosha ananung'unika. Na naamini Yesu aliiona ikiwa sala, ndiyo maana katika umati ule wote wa watu waliokuja kumsikiliza, alimwendea mtu aliyekuwa ameupa umati mgongo, ameinamia wavu wake.

Akafanya nini? Akapanda mtumbwi wa Simoni, akamwomba ausogeze kidogo kutoka ufukweni, akaketi humo, akafundisha. Mtumbwi ule ule uliotoka kushindwa usiku kucha ndio uliogeuzwa kuwa mimbari. Na Simoni, ambaye macho yake yalikuwa mazito kwa usingizi, ilimbidi akae pale aushikilie usipeperuke.

Kwa hiyo alichoombwa Simoni siku ile kilikuwa kifaa chake cha kazi. Mtumbwi, kama ulivyo, na harufu yake ya jana. Nitalirudia hili, kwa sababu ndilo neno langu la leo: alichoombwa kilikuwa kifaa chake cha kazi.

Mambo haya yalitokea kwenye ziwa dogo, wapenzi. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 20 na kidogo tu, na ukilipima kwa letu hili la Victoria, lingeingia ndani yake zaidi ya mara mia nne. Huwa nawaambia watoto wa katekisimu kwamba Simoni angefika ghuba yetu ya Winam angedhani amefika baharini. Lakini kazi ni ile ile, na usiku mtupu ni ule ule.

Na hata hapa kwetu Injili ilipandishwa mtumbwini. Reli ilifika ufukweni hapa mwaka 1901, wakati mji huu ukiitwa Port Florence, na kutoka hapo wahubiri walitawanyika. Mwaka 1906 Waanglikana walianza kazi Maseno. Mwaka huo huo Waadventista, Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo aliyetoka nchi tunayoiita leo Malawi, walivuka ghuba wakaanza Gendia, karibu na Kendu Bay. Majina ya wahubiri tumeyaandika kwenye vitabu na kwenye majengo. Majina ya waliowavusha na kuwabebea mizigo hatuyakumbuki. Nami huwawaza watu hao kila nisomapo habari ya mtumbwi wa Simoni.

Sasa niwasimulie jambo nililoliona kwa macho yangu.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Novemba, na siku hiyo mama hakwenda Kibuye kwa sababu Jumamosi omena ilikuwa imekuja kwa wingi na bado haijakauka. Kigango chetu kilikuwa karibu sana na maji. Kila mahali palipokuwa tambarare kuzunguka kanisa, nyavu kuukuu zilikuwa zimetandazwa chini na juu yake omena, inang'aa kama fedha. Padri hakuwepo, ibada iliongozwa na katekista. Alikuwa mzee mkali, mwembamba, mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Ukikohoa tu alikutazama. Ibada ilichelewa kuanza, na saa saba ilipita bado anahubiri. Alikuwa anahubiri juu ya imani.

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka pale mama alipokaa aliona vilima vya Nandi, na juu ya vilima wingu jeusi. Mnaokaa Kisumu mnalijua wingu hilo. Likishaanza kushuka huna hata nusu saa. Upepo ukaingia kanisani una harufu ya vumbi lililolowa. Nikaona wanawake wanaanza kusogeasogea kwenye mabenchi. Mmoja akasimama, akapiga goti, akatoka. Wakafuata wawili. Mama aliitazama altare, akalitazama wingu, akaitazama tena altare. Viganja vyake alikuwa amevibana mapajani.

Lazima niwaambie mvua inavyoifanya omena, kwa wale wanaoijua ikiwa sahanini tu. Omena iliyonyeshewa kabla ya kukauka hubadilika rangi na huanza kunuka. Hakuna anayeinunua kuipika. Mwenyewe huiuza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ambayo hairudishi hata mkopo. Pale nje palikuwa na ada ya shule, chakula cha wiki, na madeni ya familia thelathini.

Katekista alinyamaza. Tulidhani atawakemea waliotoka. Alifunga kitabu chake, akakiweka, akasema, "Twendeni tukaokoe chakula." Hakusema zaidi ya hapo.

Kanisa zima lilitoka mbio. Wapiga ngoma, kwaya, wazee wenye bakora, sisi watoto. Tuliizoa omena kwa mabeseni, kwa karai, kwa leso, kwa mikono mitupu. Hakukuwa na muda wa kuuliza hii ni ya nani. Na yule mzee, wapenzi wasikilizaji, aliivua kanzu yake, akaitandika chini, akaijaza omena, akaifunga kwa mikono yake miwili kama gunia na kuibeba begani. Tuliimwaga yote ndani ya kanisa, katikati ya mabenchi, mpaka karibu na altare. Mvua ilipopiga mabati sote tulikuwa ndani, tumelowa kidogo, tunanuka sana, tumesimama kwenye vijia vyembamba katikati ya malundo. Katekista, na fulana yake ya ndani, akamalizia ibada kwa kupaza sauti ili tumsikie. Baraka ya mwisho niliiona midomoni mwake, sikuisikia.

Kanisa lile lilinuka omena mpaka Krismasi. Hakuna aliyelalamika. Na mahubiri ya siku ile sikumbuki hata neno moja, isipokuwa yale matatu.

Siku ile ndipo nilipoanza kushuku kwamba labda mama hakuwa akimkosa Mungu pale Kibuye.

Tuendelee. Nataka sasa tuzungumze habari ya gorogoro.

Wote mnaijua gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ambao umekuwa kipimo cha masoko yetu. Mahindi ni kwa gorogoro, maharagwe ni kwa gorogoro, omena ni kwa gorogoro. Na wote mnazijua hila zake. Kitako hugongwa kwa nje kikaingia ndani, mkebe ukaonekana mzima na kumbe hauchukui kipimo. Au mchuuzi hupima huku kidole gumba kiko ndani. Mnunuzi anaona mkebe umejaa mpaka juu, analipa, anakwenda. Nyumbani ugali unapungua, hajui umepungukia wapi.

Kila Jumamosi usiku mama aliosha gorogoro yake kwa majivu. Kisha aliingiza mchi ndani na kukigonga kitako, polepole, mpaka kikae sawa, maana mikebe ile ikibebwa sokoni hubonyea yenyewe. Nililala nikisikia ile ko, ko, ko. Nilidhani ni usafi. Miaka mingi baadaye, siku moja nikiwa nimekaa ufukweni nawatazama wavuvi wakiosha nyavu, sauti ile ikanirudia, nikaelewa. Mama alikuwa anaosha wavu wake. Alikuwa anauweka mtumbwi wake tayari, ili Bwana akiuomba kesho asione haya kumpa.

Basi nikuulize wewe unayenisikiliza. Mtumbwi wako ni nini? Wewe wa bodaboda pale Kondele, ni ile pikipiki. Wewe fundi wa nguo, ni cherehani na ile futi ya kamba shingoni mwako. Wewe mwalimu, ni kalamu nyekundu. Wewe unayekaa kaunta na mihuri, ni ule muhuri wako ambao mtu wa Nyalenda amekuja kuufuata mara tatu na kila mara anaambiwa rudi kesho. Akija leo Yesu, akakuomba hicho, utampa kama kilivyo? Au utamwambia, Bwana, subiri kwanza nikigonge kitako?

Wazee wetu wa Uamsho walilijua jambo hili. Uamsho ule ulianzia Rwanda na Uganda, ukaingia Kenya katika miaka ya 1930 na kusambaa hadi huku Nyanza. Mtu alipookoka, wenzake walitazama kama amerudisha alichoiba. Watu walirudisha vitu, walilipa madeni ya zamani ambayo hata mdai alishayasahau, walikiri hadharani walichokificha. Yapo mambo mengine ya Uamsho ambayo watu wamebishana juu yake, na makanisa yamegawanyika. Lakini kwa hili la kurudisha, nasema wazi, walitushinda sisi. Sisi siku hizi tumepata vipaza sauti vikubwa sana, na gorogoro zetu zimebonyea.

Wazazi, nitasema sasa jambo zito, na mwenye mtoto mdogo karibu atajua la kufanya. Siwezi kuzungumza habari za imani na mitumbwi kwenye ufuo huu nikalipita.

Mitumbwi yetu mingi ina maandishi mazuri ubavuni. Majina ya manabii, majina ya zaburi, jina la Yesu mwenyewe. Na katika fuo zetu kuna kitu kinaitwa jaboya. Mama anayetaka kununua samaki anaambiwa pesa haitoshi, au anaambiwa samaki ni wachache, watauzwa kwa anayekubali. Kukubali nini, mnajua. Mama wa watoto watatu, mjane pengine, anatoa mwili wake ili auziwe samaki ambao bado atawalipia. Maradhi yaliyoingia majumbani kwa njia hiyo tumeyazika wenyewe. Na Jumapili tunakutana wote kanisani, mwenye mtumbwi mbele, mama nyuma, na hakuna anayesema kitu.

Mimi nasema. Mwenye mtumbwi, umeandika jina la Yesu ubavuni mwa chombo chako. Akija kukiomba aketi na kufundisha, atamkuta nani ndani, analia?

Lakini kuna waliokataa. Katika ufuo wa Nduru, kaunti yetu hii hii ya Kisumu, mwaka 2011 wanawake waliungana wakasema basi. Wakasaidiwa kupata mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wanaume wavue, na bei ya samaki wakaipanga wao. Watu wa dini walipoulizwa siku zile wapi pameamka, wangepaswa kuelekeza kidole Nduru. Maji yalikuja kuwapiga vibaya baadaye, maji ya mwaka 2020, na hapo ndipo ninapotaka kumalizia.

Mnaukumbuka mwaka 2020. Mvua haikukoma, ziwa likapanda mpaka mwezi wa Mei likavunja rekodi iliyokuwa imekaa tangu mwaka 1964. Dunga maji yaliingia vibandani. Nyando, Bunyala, Homa Bay, watu walihama na magodoro vichwani. Na mwaka huo huo, kuanzia Machi, makanisa yalifungwa kwa ajili ya ule ugonjwa wa korona. Basi tukawa na maji mlangoni na kufuli kanisani, kwa wakati mmoja.

Mimi nilikuwa kiongozi wa kwaya. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikiinua mikono. Kwaya ilipofungwa niligundua kwamba sikuwa na kitu. Jumapili ilifika, nikakaa sebuleni na Biblia magotini, sikuweza kusoma. Niliona aibu kumwambia mtu. Nilifikiri imani yangu imekufa, kumbe nilikuwa nimeiacha yote ndani ya jengo moja, na jengo limefungwa.

Nikampigia mama simu. Yeye alikuwa nyumbani kule kwetu, maji yamefika kwenye ua, lakini nyumba imesimama juu kidogo. Familia mbili za majirani wa bondeni zilikuwa zimehamia kwake. Nikamwuliza, "Mama, leo mmesali?" Akaniambia, "Tumesali tangu alfajiri. Tumefua blanketi za watu, sasa tunapika." Nyuma yake nilisikia watoto wengi, na nikasikia mkebe unagonga ukingo wa pipa. Alikuwa anapima unga. Kwa gorogoro ile ile.

Nilikata simu nikalia. Kisha nikavaa viatu vya mpira, nikanunua unga na sabuni, nikaenda. Sijawahi kuongoza kwaya vizuri kama nilivyobeba magodoro wiki ile.

Mwezi wa Julai makanisa yalifunguliwa kwa masharti. Watu wasizidi mia moja, ibada isizidi saa moja, na wasije watoto wa chini ya miaka 13 wala waliozidi miaka 58. Ilikuwa ni kuwalinda, naelewa. Lakini mama alikuwa amepita sitini. Mwanamke aliyejenga kanisa la matope na la mabati kwa mikono yake aliambiwa akae nyumbani. Jumapili ya kwanza nilikuwa bado niko kwake. Nilivaa shati jeupe. Alinitazama, akaja, akanifuta uso kwa pembe ya leso, mimi mtu wa mvi. Akasema, "Nenda kanisani, nyathina. Uniombee na mimi."

Nikamwambia, "Mama, niombee wewe."

Alikuwa ameshainama, anaosha mabeseni. Alisema ataniombea, na akaendelea kuosha.

Wapenzi wasikilizaji, wakati wetu umekwisha, na mnaokwenda misa jipangeni msichelewe. Nina ombi moja. Mkitoka kanisani leo mkapita Kibuye, mtamkuta mama wa omena. Atakujazia gorogoro, kisha atachota kiganja akuongezee, maana ndiyo desturi. Usimdai nyongeza ya pili. Mlipe bei yake, umwulize usiku wa jana ziwani ulikuwaje, na umngoje akujibu. Na ukipita ufukweni ukawakuta wavuvi wanaosha nyavu kimya kimya, wasalimie kwa sauti ya chini.